Upepo wa Loiyangalani: kazi za miaka mitatu, ardhi ya miaka 99

Kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, kuna uwazi ambamo upepo haupumziki. Hewa inayotoka upande wa Bahari ya Hindi hukuta nyanda za juu za Ethiopia kaskazini na za Kenya kusini, hubanwa katikati, kisha huchomoka kwa kasi kuelekea ziwani. Kwa mfugaji huo ni upepo wa kujifunika shuka usoni. Kwa mwekezaji ni mafuta ya bure yasiyokwisha.

Hapo pamesimama mitambo 365 ya upepo, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310. Mradi huu, Lake Turkana Wind Power, umebeba jina la ziwa lakini uko Kaunti ya Marsabit, karibu na Loiyangalani, katika nchi ya malisho ya Wasamburu, Warendille, Waturkana na jamii ndogo ya Waelmolo wanaoishi kwa uvuvi. Uligharimu yuro milioni 623 na ulitangazwa kuwa uwekezaji mkubwa kuliko wote wa sekta binafsi katika historia ya Kenya. Rais Uhuru Kenyatta aliuzindua tarehe 19 Julai 2019. Siku hiyo kesi ya ardhi ya mradi huohuo ilikuwa na miaka mitano mahakamani.

Wengi wakisimulia kisa hiki hukichukua upande mmoja. Kwa wanaoshabikia nishati safi, ni ushahidi kwamba Afrika inaweza kujenga mradi mkubwa jangwani. Kwa watetezi wa haki za ardhi, ni unyakuzi uliopakwa rangi ya kijani. Mimi naona jambo jingine ambalo pande zote mbili hulipita haraka, nalo ni kile ambacho jamii iliahidiwa ili ikubali. Iliahidiwa kazi. Na umeme wa upepo, kwa jinsi unavyofanya kazi, ni biashara inayotoa karibu kila kitu isipokuwa kazi za kudumu.

Mahali kazi zinapopatikana na zinapoishia

Tuanze na ujenzi, kwa sababu ndiko watu walikoonja neema. Mwishoni mwa 2014 mashine ziliingia. Kwanza ilikuwa lazima ijengwe barabara. Kilomita 208 kutoka Laisamis hadi eneo la mradi zilichongwa upya, maana njia ya zamani isingebeba malori ya vyuma vilivyoshushwa bandarini Mombasa, safari ya takriban kilomita 1,200. Hata ukubwa wa mitambo uliamuliwa kwa kiasi fulani na barabara hiyo. Kulikuwa na mitambo mikubwa zaidi sokoni, lakini mapanga yake marefu yasingekata kona za njia ile. Ndiyo maana mitambo ikawa midogo na mingi.

Baada ya barabara ikaja kazi ya kuchimba misingi 365, kufunga nondo, kumwaga zege, kutandaza nyaya, kujenga kambi, kupika, kufua, kulinda, kuelekeza magari. Kampuni inasema watu zaidi ya 2,500 waliajiriwa katika kipindi cha ujenzi, wengi wao wenyeji. Sina sababu ya kuipinga hesabu hiyo. Katika eneo ambalo fedha taslimu hupatikana kwa kuuza mbuzi au samaki, mshahara wa kila mwezi ulikuwa tukio kubwa. Maduka yalifunguliwa, pikipiki zikanunuliwa, ada za shule zikalipwa.

Mtambo wa mwisho ulisimamishwa mwaka 2017. Kuanzia hapo hesabu ya kazi ikageuka. Mtambo wa upepo hauchochewi kuni wala kumwagiwa dizeli. Unajigeuza wenyewe kuufuata upepo, unajifunga wenyewe upepo ukizidi, na hitilafu yake huonekana kwenye kompyuta kabla mtu hajapanda mnara. Anayepanda ni fundi aliyefunzwa na watengenezaji, na kwa kuwa mitambo yote ni ya aina moja, mafundi wachache huzunguka kote. Wanaobaki ni wao, wahandisi wa kituo, madereva, wapishi na walinzi. Kutoka maelfu ikawa mamia, na kati ya hayo mamia kazi zenye mshahara mnene ndizo zinazodai vyeti ambavyo shule za Loiyangalani hazikuwa zimewapa vijana wake.

Hili halikuwa siri. Yeyote aliyewahi kuandika hesabu za mradi wa upepo anajua kwamba gharama karibu zote ziko mwanzoni, na baada ya hapo uendeshaji ni nafuu. Unafuu huo ndio unaowavuta wawekezaji, na chanzo chake kimoja kikubwa ni kwamba hakuna watu wengi wa kulipwa. Kuiambia jamii kwamba faida yake itakuja kama ajira ni kumlipa mwenye shamba kwa kumpa kibarua cha kulilima msimu mmoja.

Haikuishia kwenye uchache. Kazi zikiwa haba hugeuka mali ya kugawa, na mgawaji hupata nguvu. Orodha za majina zilipitia kwa machifu, madiwani na wazee, na kila jamii ikahesabu wa kwake: Wasamburu wangapi, Warendille wangapi, kwa nini mlinzi huyu ametoka mbali. Eneo hili lina historia ndefu ya kugombea mifugo na visima. Sasa likapata kitu kipya cha kugombea. Kijiji cha Sarima, kilichokuwa kwenye njia ya mradi, kilihamishwa, na wageni wenye mishahara walipofurika yakafuata malalamiko ya ulevi na ukahaba. Kampuni ilianzisha mfuko wake wa misaada kwa ajili ya maji, shule na zahanati. Ni mambo mema, lakini msaada hupangwa na mtoaji na hukatwa akitaka. Mwenye haki yake haombi msaada.

Ardhi ilitokaje mikononi

Sasa turudi nyuma kidogo. Kati ya 2007 na 2009 hapakuwa na serikali za kaunti kama za leo. Kulikuwa na Baraza la Kaunti ya Marsabit, ambalo kisheria lilishikilia ardhi ya amana kwa niaba ya wakazi. Kushikilia kwa niaba maana yake ni kwamba baraza halikuwa mwenye mali. Hata hivyo lilitoa ekari 150,000 kwa mkataba wa miaka 33 unaoweza kuongezwa hadi kufikia 99, na hati zikatolewa.

Minara na barabara zake hazihitaji ekari nyingi kiasi hicho. Wafugaji bado hupitisha ngamia na mbuzi chini ya mapanga yanayozunguka, na kampuni hupenda kulitaja hilo kama ushahidi kwamba hakuna aliyepoteza chochote. Lakini kuruhusiwa kupita si sawa na kumiliki. Mwenye hati ndiye anayeweza kukaa mezani na benki, kuomba mkopo, kuingiza mshirika mwingine, kudai kodi. Mfugaji alibaki na ruhusa tu.

Sheria ya ardhi ya amana ya wakati huo haikuwa dhaifu kama watu wanavyodhani. Kabla ardhi haijatengwa kwa matumizi mengine, ilitaka notisi itolewe, bodi ya ardhi ya eneo ikutane, wakazi waitwe na wasikilizwe, na fidia ikadiriwe. Mwaka 2014 wakazi wachache walikwenda mahakamani kwa niaba ya wenzao wakisema hatua hizo hazikufuatwa. Ujenzi haukusimama kuwasubiri. Pande mbili zikajaribu kupatana nje ya mahakama, zikashindwa. Oktoba 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru wakaamua kwamba hati zilipatikana kinyume cha utaratibu na kinyume cha sheria. Hawakuamuru mitambo ing'olewe. Walitoa mwaka mmoja ili utoaji wa ardhi urudiwe kwa njia halali, la sivyo hati zifutike. Mwaka ukapita bila kazi kukamilika, likaombwa ongezeko la muda, na mwaka 2023 mahakama ikalikataa.

Mazoea ya kesi za ardhi nchini Kenya ni kwamba mshindi huwa aliyekwisha kumwaga zege. Hapa majaji walikubali kwamba zege limekwisha kumwagwa na umeme unahitajika, lakini wakakataa kuutumia ukweli huo kuhalalisha hati. Naiona kuwa hukumu ya busara, japo busara yake iliwaacha wafugaji na ushindi wa karatasi. Kwenye karatasi ardhi ilirudi kuwa yao, na juu yake mitambo ikaendelea kuuza umeme.

Mitambo tayari, nyaya hazipo

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo kila Mkenya anayenunua tokeni za umeme ameilipia, nayo inaonyesha kwamba siasa za nishati safi hazichezwi na kampuni na jamii pekee.

Kampuni ilikuwa na jukumu la kuzalisha. Serikali, kupitia shirika la Ketraco, ilikuwa na jukumu la kujenga njia ya kusafirisha umeme, kilomita zipatazo 430 kutoka Loiyangalani hadi kituo cha umeme cha Suswa. Kandarasi ilipewa kampuni ya Kihispania, Isolux, kwa mkopo uliotoka Hispania. Fidia za mashamba ambamo nguzo zingepita zilikwama, kazi ikasuasua, kisha mwaka 2017 Isolux ikafilisika. Mitambo 365 ikasimama bila pa kupeleka umeme. Wakandarasi wa Kichina waliletwa kuimalizia kazi, na umeme ulianza kupita Septemba 2018.

Kwa muda wote huo mkataba ulikuwa ukifanya kazi yake kimyakimya. Uliandikwa kwamba mitambo ikiwa tayari, Kenya Power, shirika linalonunua na kusambaza umeme, italipia umeme hata kama haujachukuliwa. Benki ya Dunia ilijitoa katika mradi mwaka 2012 kwa hofu kwamba shirika hilo halingeweza kuutumia umeme wote huo kwa wakati. Serikali ilikubali kulipa takriban shilingi bilioni 5.7 kwa sababu ya ucheleweshaji, na salio likaingizwa kwenye bei ya umeme kwa miaka iliyofuata. Bei yenyewe iko kwa yuro, kwa hiyo kila shilingi inapoanguka bili hupanda bila upepo kubadilika. Google, iliyokuwa imepanga kununua asilimia 12.5 ya hisa kutoka kwa Vestas, waliotengeneza mitambo, iliachana na mpango huo baada ya ucheleweshaji.

Tazama tofauti iliyopo katika uandishi wa mikataba. Mwekezaji aliandikiwa kwamba serikali ikichelewa atalipwa. Mfugaji hakuandikiwa kitu kama hicho popote. Ahadi ya kazi haikuwa na kiasi, wala muda, wala adhabu ya kutotimizwa. Tofauti hii haikutoka kwa watu wabaya. Ilitokana na nani alikuja mezani na mawakili.

Na njia hiyo ya umeme ilipopita juu ya vijiji haikuteremsha hata taa moja. Waya wa kilovolti 400 hauwezi kuchomolewa kwa ajili ya kijiji. Panahitajika kituo kidogo cha kupoza umeme na njia ya kusambazia, na mambo hayo hayakuwamo kwenye mpango. Wakati wa uzinduzi mji wa Marsabit, makao makuu ya kaunti yenye mitambo mingi ya upepo kuliko nyingine yoyote nchini, ulikuwa ukiwashwa kwa majenereta ya dizeli. Miaka mitatu baadaye njia nyingine kubwa ikaanza kuleta umeme wa Ethiopia hadi Suswa, nayo ikikatiza Marsabit hiyohiyo.

Usafi ukitumiwa kama jibu

Agosti 2023 nchi nzima ilizima. Kenya Power ikautaja mradi wa Turkana kuwa chanzo, kampuni ikajibu kwamba gridi ndiyo iliyoitupa nje. Siku chache baadaye, Septemba 4, Nairobi ilifungua mkutano mkuu wa Afrika kuhusu tabianchi, na Kenya ikajisifu mbele ya dunia kwamba karibu asilimia 90 ya umeme wake unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini inafaa kuuliza ilikuwa inamjibu nani.

Nchi ambayo umeme wake tayari ni safi kiasi hicho haijengi upepo ili kupunguza moshi wake mwingi, maana haina mwingi. Mradi wa Turkana uliandikishwa kwenye utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa mikopo ya kaboni, yaani vyeti vya kuepusha hewa ya ukaa vinavyouzwa, kwa hesabu ya kuepusha karibu tani 736,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Hesabu hiyo inategemea nini kingechomwa badala yake, na usiku wa manane Kenya jibu huwa gumu. Upepo wa pale huvuma kwa nguvu usiku, wakati mahitaji yamelala, na kinachorudishwa nyuma kuupisha mara nyingi ni umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao nao ni safi. Mchana na jioni upepo huo umezima dizeli ghali kweli, na hapo Mkenya amefaidi. Sisemi mradi haukufaa. Nasema tani zile zilikuwa bidhaa, na ziliutengenezea mradi heshima iliyofanya maswali ya ardhi yaonekane kama usumbufu.

Kwa waliokuwa chini ya mitambo, mabadiliko ya tabianchi hayakuwa hesabu ya tani. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mifugo ilikufa kwa wingi Marsabit. Jamii ambazo hazikuchoma chochote cha kutajwa zilipata hasara mbili kwa wakati mmoja, ukame kwa upande huu na kutakiwa ardhi kwa ajili ya tiba ya ukame kwa upande ule. Mtu aliyepoteza ng'ombe wake wote ndiye huyo anayeambiwa ajipange mstari wa kazi ya ulinzi.

Miradi miwili mingine

Kinangop, Nyandarua, wakulima wenye hati za mashamba madogo walikataa mradi wa megawati 60. Februari 2015 mtu mmoja aliuawa kwa risasi katika maandamano, na mwaka uliofuata wawekezaji wakautupa mradi. Pale hapakuwa na namna ya kumpita mkulima, maana hati ilikuwa sandukuni mwake.

Kipeto, Kajiado, megawati 100 zilisimama. Wamaasai wa pale walikuwa wamekwisha kugawana ardhi na kila mmoja ana hati yake, kwa hiyo kampuni ililazimika kwenda boma kwa boma. Wenye ardhi hulipwa kodi, na mfuko wa jamii ukatengewa asilimia 5 ya mradi. Mzee wa Kipeto hana haja ya kuomba kazi ya ulinzi. Upepo ukivuma, anaingiziwa.

Teknolojia ilikuwa ileile katika miradi yote mitatu, na serikali ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni karatasi iliyokuwa mkononi mwa mwenyeji siku mwekezaji alipobisha hodi. Ukilitazama hivyo, hata swali la kazi hubadilika: Kipeto nako kazi za kudumu ni chache, ila uchache wake hauumizi vile.

Kilichobaki wazi

Tangu 2016 Kenya ina Sheria ya Ardhi ya Jamii, ambayo inaziruhusu jamii kusajili ardhi yao kwa jina lao, na baada ya hapo mkataba wa uwekezaji hauwezi kupita bila idhini ya mkutano wao. Usajili umekwenda taratibu mno kaskazini. Ardhi ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, yaani karibu palepale tulipokuwa mwaka 2007.

Lakini pengo lililo baya zaidi liko kwenye Sheria ya Nishati ya 2019. Sheria hiyo inaweka mrabaha kwa mvuke wa ardhini. Anayechimba mvuke hulipa sehemu ya thamani ya anachozalisha, na malipo hayo yanagawanywa asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya hapo. Upepo hauna kifungu kama hicho. Mvuke uko chini ya ardhi, ukahesabiwa kuwa rasilimali ya taifa kama madini. Upepo unapita tu, na sheria ikauacha upite. Mswada wa kugawana manufaa ya rasilimali za asili umeingia na kutoka bungeni kwa miaka mingi bila kuwa sheria.

Ningekuwa nawashauri wazee wa Laisamis, eneobunge lenye mradi huu, wanapoitwa kwenye meza ya kuhalalisha upya ardhi yao, ningewaambia suala la nafasi za kazi waliweke la mwisho kwenye orodha, na wasilibishanie sana. La kwanza liwe malipo kwa kila kilowati-saa inayouzwa, yaandikwe kwa yuro kama ya mwekezaji, yenye tarehe na adhabu. La pili liwe hisa. La tatu liwe kituo cha kupoza umeme kwa ajili ya Loiyangalani na vijiji vyake. Na shule ya ufundi iingizwe kwenye mkataba kama sharti, isiachiwe mfuko wa misaada, kwa sababu mitambo hiyo itahitaji mafundi kwa muda wote ambao hati, ya nani yeyote, itakuwa hai.